Xue Runmei na Cheti Kisichokuwa Chake

Wasifu wa marehemu Xue Runmei, 9 Oktoba 1965 – 27 Februari 2024. Umeandikwa na kusomwa na mdogo wake, Xue Gaixian, uani kwa marehemu, kijiji cha Zaoshugou, kabla jeneza halijainuliwa.

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 19 Oktoba 2021, marehemu Runmei alikesha katika nyumba ya wageni iliyo nyuma ya hospitali ya wilaya. Chumbani walikuwa watatu: yeye, binti yake Hao Yanting, na mdogo wake Gaixian. Siku tano kabla, daktari alikuwa amemkata kipande kidogo cha nyama kwenye mlango wa kizazi, na jibu lilitazamiwa asubuhi. Tangu jioni Yanting alikuwa ameshikilia bahasha. Ndani yake mlikuwa na cheti cha mwaka 2017 kutoka zahanati ya tarafa, chenye jina la mama yake na muhuri, na chini yake neno moja: safi.

"Mama, usijitie hofu," alisema Yanting. "Ulipimwa. Si hili hapa limeandikwa?"

Runmei alimtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama birika.

"Maji yamechemka?" Runmei aliuliza.

"Bado, Dada."

"Mbona yanapiga kelele?"

Gaixian akainuka kuyaipua. Saa tatu asubuhi daktari aliwaambia kwamba ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba ilikuwa imekwisha kutoka pale ilipoanzia.

Hayo yatasimuliwa kwa mpango wake. Maisha ya Runmei hayakuanzia hospitalini, na si haki yamalizikie huko peke yake.

Runmei alizaliwa kijiji cha Beiyaotou, ng'ambo ya korongo, mtoto wa kwanza wa marehemu Xue Fugui na marehemu Liu Cunlan. Ulikuwa msimu wa kunazi. Mama yao alikuwa mteremkoni akipukuta matunda kwa ufito mrefu uchungu ulipomshika, akaumaliza mti aliouanza ndipo akashuka kwenda kuzaa. Miaka mitano baadaye alizaliwa Gaixian. Yeye alipewa jina lenye maana ya kubadilika, ili anayefuata awe wa kiume. Akaja wa kiume kweli, akafa na miezi minne. Wakabaki mabinti wawili waliofanana paji la uso, mashavu, hata namna ya kutembea, na majirani walikuwa wakiwachanganya mpaka wamekuwa watu wazima.

Alisoma shule ya msingi ya Beiyaotou kuanzia mwaka 1972 hadi 1974. Wazazi walishinda shambani, kwa hiyo alikwenda darasani na mdogo wake mgongoni. Siku moja mwalimu alimwambia, "Runmei, leo umekuja na mkoba mkubwa."

"Ndiyo, Mwalimu," alijibu, "na huu unakojoa."

Darasa zima lilicheka na mwalimu akacheka, ila mwaka uliofuata mkoba ulipokataa kubebwa na kuanza kutoroka, Runmei alitolewa shule ili aushike. Aliacha akiwa wa pili darasani. Gaixian alisoma miaka minne baada ya hapo kwa madaftari ya dada yake, akiandika nyuma ya kurasa. Ndiyo maana leo anaweza kuandika haya.

Tarehe 18 Januari 1986 aliolewa na Hao Shuanhu wa hapa Zaoshugou. Mshenga alipomleta bwana harusi kutazamwa, Shuanhu alikaa kitako saa nzima bila kusema neno. Runmei akamwambia mama yake jikoni, "Huyu nitamchukua. Kelele ninazo mimi za kututosha wawili." Walijaliwa Yanting mwaka 1988 na Xiaojun mwaka 1991. Mwaka 1992 ni Runmei aliyemtafutia mdogo wake mume hapahapa kijijini, nyumba ya nne kutoka kwake, kwa sababu, alisema, mkoba wake alitaka kuuona kila siku.

Kazi yake mnaijua. Shuanhu alikwenda kwenye machimbo ya makaa ya mawe kaskazini, akirudi mwaka mpya na wakati wa mavuno, na Runmei akabaki na miti mia na hamsini ya kunazi. Aliipogoa mwenyewe, akapukuta mwenyewe, akaanika juu ya paa za mapango tunamoishi. Lakini jina alilipata kwa unga. Hakuna mtoto wa vijiji vitano vya korongo hili aliyetimiza mwezi bila simbamarara wa mkate wa Runmei, mwenye macho ya maharage mekundu na masharubu ya mtama. Harusini alifinyanga mabata, mazishini makomamanga. Aliyemsifu alijibiwa, "Kula kabla hajakung'ata." Mikate iliyo mbele ya jeneza leo imefinyangwa na Yanting. Masikio yamelala kidogo. Mama yake angeyanyoosha kwa ncha ya kijiti bila kusema neno.

Sasa yafuate yale ambayo Runmei mwenyewe aliagiza yasomwe.

Mwaka 2014 zahanati ya tarafa ilianza kuwapima wanawake wa vijijini bure. Katika wale wa mwanzo alikuwamo Qinfang, mke wa Gao, ambaye yupo hapa na ameruhusu atajwe. Alikutwa na kirusi, kile kinachoitwa HPV, na kidonda kidogo kilichokuwa kinaanza. Kidonda kikatibiwa kwa siku moja. Kilichofuata hapa kijijini hakikutibiwa. Harusini kwa akina Hao alitengewa bakuli lake na vijiti vyake. Kisimani wanawake walimsogezea ndoo kwa mguu. Na kwenye jiwe la kusagia, mbele ya wanawake wanane, Gaixian alisema, "Kirusi cha huko chini hakitembei chenyewe. Kina miguu ya mwanamume."

Watu walicheka. Runmei alikuwapo na hakucheka. Gaixian aliliona hilo, maana yeye ni mtu wa kuona, lakini alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu na alikuwa anaogopa jina la ukoo kwa wachumba wa baadaye. Mtu mwenye hofu hupenda kuonyesha uchafu ulio kwa jirani. Hilo si udhuru.

Mwaka 2017 upimaji ulifika Zaoshugou. Mwenyekiti wa wanawake alitaka kijiji chote kifike, akapita nyumba kwa nyumba na orodha. "Asiyekwenda ana anachokificha," alikuwa akisema mlangoni, kwa mzaha, na mzaha huo ukasambaa ukiwa si mzaha tena. Usiku wa kuamkia siku hiyo Runmei alikwenda kwa mdogo wake.

"Mimi siendi," alisema.

"Dada, watakusema."

"Nikienda je? Shuanhu anakaa kule miezi kumi. Wakikiona kwangu, kijiji kitasema ni mimi. Nikisema si mimi, basi nimesema ni yeye. Niambie wewe, miguu hiyo ni ya mwanamume yupi?"

Maneno yalikuwa ya Gaixian mwenyewe, yamemrudia na sauti ya dada yake.

"Nipe kitambulisho chako," alisema. "Tunafanana. Mimi nitakwenda mara mbili."

Jumatano, tarehe 12 Aprili 2017, Gaixian alipimwa asubuhi kwa jina lake. Mchana alijifunga kitambaa cha kichwa cha dada yake, akavaa koti lake, akaonyesha kitambulisho chake mezani kwa wapimaji wa tarafa wasiowajua, akalala tena kitandani nyuma ya pazia. Aliyekuwa akipima ni Muuguzi Ma Suqin.

"Mama, wewe si nilikuona asubuhi?" aliuliza.

"Uliyemwona ni ndugu yangu. Tumbo moja."

Muuguzi akacheka. "Mama yenu alikuwa na kalibu moja tu? Haya, legeza miguu, vuta pumzi." Alifanya kazi yake taratibu na kwa heshima, akamfunika shuka kabla ya kumwambia ainuke. Kila aliyepimwa alipewa beseni. Gaixian alirudi na mabeseni mawili, Runmei akamlaki njiani, na wale dada wawili walicheka mpaka wakakaa chini ukingoni. Runmei alijivika beseni lake kichwani kama kofia ya askari. Ilikuwa ni siku ya furaha. Hilo pia lazima lisemwe.

Baada ya mwezi vikaja vyeti viwili, vyote safi. Vyote vilikuwa vya mwili mmoja. Mwaka 2020 wapimaji waliporudi, Runmei alionyesha cheti chake, mwenyekiti akasema, "Wewe huna tatizo, wapishe wenzako," na jina lake likarukwa.

Vuli ya mwaka huohuo damu iliyokuwa imekatika miaka minne ikamrudia. Hakumwambia mtu. Vitambaa alivichoma katika tundu la moto chini ya kitanda cha udongo, alfajiri, kabla moshi wa majirani haujaanza. Mwezi wa tano mwaka 2021 Gaixian alinusa pamba inayoungua, akaingia, akaona kipande ambacho hakijashika moto.

"Dada, nini hiki?"

"Umri."

"Umri hautoi damu, unaikata."

"Basi ni wangu, unarudi nyuma. Funga mlango, baridi inaingia."

Gaixian alifunga mlango akaenda zake. Alijua. Alijua pia kwamba hospitali wataulizia cheti, na cheti kitaulizia mwenyewe. Akanyamaza miezi mitano, akapeleka supu ya kuku na tende za dawa, kama mtu anayemwagilia maji mti unaoungua mizizi. Mwezi wa kumi Runmei alizimia juu ya paa katikati ya kunazi zilizoanikwa, na Xiaojun akampeleka wilayani bila kuuliza mtu.

Kutoka hapo alipelekwa Taiyuan, akapigwa mionzi mara ishirini na tano na kutiwa dawa mishipani. Daktari wa huko, mwanamke wa makamo, aliwaeleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisema kwenye jiwe la kusagia. Alisema kirusi hicho huwapata wengi kati ya wanawake na wanaume wa ndoa, karibu kama mafua, na miili mingi hukifukuza bila mtu kujua. Kinachobaki miaka mingi bila kuonwa ndicho huleta saratani. Kinaweza kukaa kimya miaka ishirini, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema kilitoka kwa nani, na kuuliza hakumponyi mtu. "Wa hatari si aliyeonekana nacho," alisema. "Wa hatari ni ambaye hajatazamwa." Gaixian alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake. Alimfikiria Qinfang na bakuli lake.

Halafu daktari aliuliza, "Hakuwahi kupimwa?"

"Alipimwa!" Yanting alisema, akatoa bahasha.

Daktari alikisoma cheti mara mbili. "Hutokea kipimo kikakosea," alisema polepole. "Ila uvimbe mkubwa namna hii, kwa miaka hii michache..." Hakumaliza. Runmei alikuwa ametazama ukuta. Hapo palikuwa na nafasi ya kusema, nao wawili waliiacha ikapita.

Kwa sababu hiyo, tarehe 22 Novemba 2021, Yanting alikwenda zahanati ya tarafa. Gaixian alimfuata, akidai anakwenda kumzuia. Uani kulikuwa na foleni ya watu kama thelathini.

"Wewe ndiye Ma Suqin? Ulimtazama mama yangu kwa macho gani?"

"Mama yako ni nani, dada? Tuingie ndani tuzungumze."

"Hapahapa! Mlitaka kumaliza orodha mkale chakula cha mchana. Uliandika safi. Uliona nini, ukuta?"

"Niliandika nilichokiona," alisema Muuguzi Ma. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Akawatazama wote wawili, na macho yake yakakaa kwa Gaixian muda mrefu kidogo kuliko ilivyopasa. Gaixian alikuwa ameshika mkoba wa Yanting. Akaukumbatia, akainamisha kichwa. Mmoja katika foleni akatema mate chini. Mwingine akasema, "Muuaji ana koti jeupe." Barua ya malalamiko ikaandikwa, na Muuguzi Ma akaondolewa kwenye upimaji, akawekwa chumba cha kuosha vyombo, na huko ndiko aliko mpaka leo.

Habari ilipita makorongoni. Vipimo vya tarafa ni vya uongo, watu walisema, mtazameni Runmei. Mwaka jana wapimaji walipokuja Zaoshugou, kati ya wanawake sitini na wanne walikwenda kumi na mmoja. Binti wa Gaixian, ambaye sasa ameolewa, hakuwa mmojawapo. Alisema, "Mama, si walimpa mama mkubwa cheti safi?" Mama yake akasema, "Kweli," akaendelea kukata tambi. Tangu siku hiyo hajalala vizuri.

Runmei alirudi nyumbani mwaka 2022 akapata mwaka mmoja wa nafuu. Alifinyanga simbamarara kumi na tisa. Julai mwaka 2023 ugonjwa ulirudi mifupani. Shuanhu aliacha machimbo kabisa, akajifunza kupika uji wa mtama na malenge, akiunguza, na Runmei akiula. "Mume wangu anachimba makaa hata kwenye sufuria," alimwambia kila aliyekuja kumwangalia.

Siku ya nane ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yetu, Gaixian alikuwa anamchana nywele. Runmei alisema, "Nikifa utasoma wewe. Usinifanye mtu mwema. Sema nilituma mtu."

"Dada, Yanting atanichukia."

"Atakuchukia. Yule muuguzi je? Ana miaka miwili anaosha chupa kwa ajili yetu. Na wale hamsini na watatu waliobaki majumbani?"

"Nitasemaje mbele ya kijiji?"

"Kwa mdomo uleule."

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 27 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, siku tatu baada ya sikukuu ya taa, akiwa na miaka hamsini na minane. Shuanhu alikuwa ameshika mguu wake, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshikwa na watoto.

Alhamisi Gaixian alimweleza Shuanhu na Yanting, wakiwa wamekaa wakikunja karatasi za kumchomea marehemu. Shuanhu alikaa kimya kama siku ile ya mshenga. Kisha akasema, "Shemeji, soma. Wakitaka kunyoosha kidole, wanyooshe kwangu. Mimi niko hai." Yanting aliendelea kukunja. Alisema, bila kuinua uso, "Mama mdogo, kumbe nilimtukana mtu ambaye hakuwahi kumwona mama yangu."

Kesho yake walikwenda pamoja mpaka nyumbani kwa Muuguzi Ma, nyuma ya zahanati, wamevaa nguo nyeupe za msiba. Walibisha. Walisikia hatua zikija, zikasimama. Gaixian alisema yote akiwa amesimama nje, uso karibu na mbao: kitambulisho, kitambaa cha kichwa, beseni. Yanting alisema, "Dada, nisamehe." Kisha sauti ikatoka ndani, si ya hasira, imechoka tu.

"Mlinitukana mbele ya watu. Msiniombe msamaha nyuma ya mlango."

Wakaondoka. Kwa hiyo linasemwa hapa, mbele ya watu: Muuguzi Ma Suqin hakukosea. Kazi yake aliifanya barabara. Alipewa mwili wa Xue Gaixian na jina la Xue Runmei, na akaandika ukweli wa alichokiona. Waliodanganya ni wale dada wawili, na yule aliyefunga midomo ya wanawake wa kijiji hiki kwa maneno ya jiwe la kusagia ni mmoja wao, naye ndiye amesimama hapa. Barua ya kukanusha malalamiko imeandikwa. Ina saini ya Gaixian na ya Yanting, na itapelekwa kesho asubuhi. Qinfang, uliyetengewa bakuli, wewe ulitazamwa ukapona, nasi tukakucheka.

Marehemu ameacha mume, Hao Shuanhu; binti, Hao Yanting, na mumewe; mwana, Hao Xiaojun, na mkewe; wajukuu watatu; na mdogo wake Xue Gaixian, aliyembeba mgongoni.

Jana Jumapili jioni, kabla karatasi hizi hazijapelekwa kuchapwa, Gaixian alikwenda tena peke yake kusoma maneno haya yote pale nje kwa Muuguzi Ma, ili mwenyewe asije akayasikia kwa wengine kwanza. Alisoma mpaka mwisho. Taa ilikuwa inawaka ndani. Mlango haukufunguliwa.

Runmei alale salama katika udongo wa kwao. Aibu hii isizikwe naye. Ibaki kwetu tulio hai.